Ada Lovelace: Aliandika programu karne moja kabla ya kompyuta

WAKATI mjadala kuhusu akili mnemba ukizidi kupamba moto, kuanzia vyuoni na maofisini hadi kwenye vijiwe vya kahawa, swali moja limekuwa likijirudia. Ni nani hasa wanaoitengeneza teknolojia hiyo, na ni nani wanaobaki kuwa watumiaji tu wa kile kilichopangwa na wengine?

Wengi hudhani swali hilo limezaliwa pamoja na simu za kisasa na intaneti. Ukweli ni kwamba lina umri wa karibu karne mbili, na mtu anayetaka kulielewa vizuri hana budi kuyatazama maisha ya mwanamke mmoja wa Uingereza aliyefariki dunia mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 36 tu.

Mwanamke huyo ni Augusta Ada King, anayejulikana zaidi kwa jina la Ada Lovelace. Aliishi katika zama za mishumaa, farasi na mashine za mvuke, lakini mambo aliyoyaandika kuhusu uwezo na mipaka ya mashine zinazokokotoa yanajadiliwa na wataalamu wa akili mnemba hadi leo.

Jina lake sasa linafahamika duniani kote. Kisichozungumzwa sana ni jinsi alivyoingia katika fani hiyo, na ni wangapi wenye vipaji kama chake waliobaki nje ya mlango uleule.

Mtoto asiyemjua baba yake

Ada alizaliwa jijini London Desemba 10, 1815. Baba yake alikuwa Lord Byron, mmoja wa washairi waliosifika mno katika Uingereza ya wakati ule, na mama yake alikuwa Anne Isabella Milbanke, binti wa familia ya kitajiri aliyependa hisabati kuliko ilivyokuwa kawaida kwa wanawake wa tabaka lake.

Ndoa hiyo haikudumu. Januari 1816, Ada akiwa na umri wa takriban mwezi mmoja, mama alimbeba na kurudi naye kwa wazazi wake. Aprili ya mwaka huo Byron aliondoka Uingereza na hakurejea tena akiwa hai. Alifariki huko Missolonghi, Ugiriki, mwaka 1824, na binti yake, aliyekuwa na miaka minane, hakupata kumfahamu.

Mama aliishi na hofu moja kubwa, kwamba mtoto angerithi hulka ya baba, ile tabia ya kuyumbishwa na hisia na kupuuza wajibu. Dawa aliyoiona inafaa ilikuwa ni hisabati. Akaajiri walimu wa kumfundisha nyumbani na kuhakikisha ratiba ya masomo inafuatwa bila mzaha.

Kwa hiyo elimu iliyomfanya Ada kuwa Ada haikutokana na imani kwamba msichana ana haki ya kusoma kama mvulana. Ilitokana na hofu ya mama mwenye fedha. Bila ya hofu ile na fedha zile, huenda historia isingepata kulijua jina lake.

Hata hivyo, kilichokusudiwa kuzima ubunifu wa mtoto hakikuuzima. Mwaka 1828, akiwa na umri wa miaka 12, Ada alijifungia na vitabu na michoro akichunguza mabawa ya ndege, kwa lengo la kubuni chombo cha kumwezesha binadamu kuruka angani.

Mwaka uliofuata aliugua surua iliyomwacha amepooza. Alilala kitandani kwa muda mrefu, na baadaye akawa anatembea kwa msaada wa magongo. Katika kipindi chote hicho hakuacha masomo.

Mwalimu aliyenyimwa mishumaa

Miongoni mwa waliomsaidia Ada, anayestahili kutajwa kwanza ni Mary Somerville, mwanasayansi kutoka Scotland. Somerville alikulia katika nyumba iliyoamini kwamba hisabati humdhuru msichana. Wazazi wake walipogundua anasoma usiku, walimwondolea mishumaa. Aljebra aliianzia katika fumbo aliloliona kwenye jarida la mitindo ya wanawake, na kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe.

Mwanamke huyo ndiye aliyetafsiri na kufafanua kwa Kiingereza kazi ya Mfaransa Laplace kuhusu mwendo wa sayari, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1831. Kazi yake iliheshimiwa sana, lakini Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza, haikuweza kumpokea kuwa mwanachama kwa sababu ya jinsia yake. Jumuiya hiyo ilichagua wanachama wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1945.

Vyuo navyo vilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa mwaka 1878 ndipo Chuo Kikuu cha London kilipoamua kuwaruhusu wanawake kutunukiwa shahada. Cambridge, alikosomea Babbage, kilisubiri hadi mwaka 1948.

Somerville aliyapitia yote hayo, lakini hakujifungia na maarifa yake. Alimpokea Ada nyumbani kwake, akamwelekeza katika masomo na kuongozana naye katika mikusanyiko ya wanasayansi. Katika mazingira hayo, njia pekee ya msichana kuingia katika sayansi ilikuwa kushikwa mkono na mtu aliyekwisha kuingia.

Kukutana na Babbage

Juni 1833, akiwa na miaka 17, Ada alikutana na Charles Babbage, mwanahisabati aliyekuwa akitengeneza mashine ya kukokotoa majedwali ya namba. Siku chache baadaye alikwenda na mama yake nyumbani kwa Babbage kuona sehemu ya mashine hiyo iliyokuwa imekamilika.

Wageni wengi waliiangalia kama kitu cha maajabu, magurudumu ya shaba yenye meno yanayozunguka na kutoa majibu ya hesabu. Ada alitaka kujua inavyofanya kazi, na aliendelea kuulizia michoro yake.

Tangu mwaka 1834 Babbage alikuwa ameanza kufikiria mashine kubwa zaidi, ambayo hapa tunaweza kuiita Mashine ya Uchanganuzi. Ilikuwa na sehemu mbili kuu. Ya kwanza aliiita kinu, mahali pa kufanyia hesabu, na ya pili aliiita ghala, mahali pa kuhifadhi namba. Maelekezo yangeingizwa kwa kadi zenye matundu, utaratibu uliokuwa ukitumika katika mashine za kufuma vitambaa vya hariri zilizobuniwa na Mfaransa Jacquard.

Anayefahamu kompyuta ya leo ataona mara moja kwamba mpangilio huo unafanana na wetu, yaani kichakato, kumbukumbu na programu. Tofauti ni kwamba mashine ya Babbage haikupata kujengwa. Serikali ya Uingereza ilikwisha kutumia zaidi ya pauni 17,000 kwa mashine yake ya awali, na mwaka 1842 ikajitoa rasmi.

Wakati huo Ada alikuwa ameolewa. Mwaka 1835 alifunga ndoa na William King, ambaye mwaka 1838 alipewa cheo cha Earl wa Lovelace, na ndiyo asili ya jina ambalo dunia inamjua nalo. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1836 na wa mwisho mwaka 1839.

Malezi na majukumu ya nyumba kubwa hayakumzuia. Mwaka 1840 alianza kujifunza hisabati ya juu kwa njia ya barua, chini ya mwanahisabati mashuhuri Augustus De Morgan.

De Morgan alitambua kwamba mwanafunzi huyu hakuwa wa kawaida. Alimwandikia mama yake Ada akieleza kwamba kijana wa kiume ambaye angeonyesha uwezo kama huo mwanzoni mwa masomo angeweza kuwa mtafiti wa daraja la juu. Lakini katika barua hiyohiyo alionyesha wasiwasi kwamba mwili wa mwanamke usingehimili uzito wa fikra za aina hiyo. Mtu huyohuyo alikiona kipaji na papo hapo akakitilia mpaka.

Maelezo yaliyoipita makala

Oktoba 1842, mhandisi wa Italia, Luigi Menabrea, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo, alichapisha kwa Kifaransa makala kuhusu Mashine ya Uchanganuzi. Ada aliitafsiri kwa Kiingereza. Babbage alipouliza kwa nini hakuandika makala yake mwenyewe juu ya jambo analolijua vizuri kiasi kile, alimshauri walau aongeze maelezo.

Maelezo hayo, yaliyopangwa kwa herufi kuanzia A hadi G, yalifikia takriban mara tatu ya urefu wa makala yenyewe. Yalichapishwa mwaka 1843. Mwandishi hakuweka jina lake kamili. Aliweka herufi tatu tu: A.A.L.

Katika maelezo ya mwisho, Ada alionyesha hatua kwa hatua namna mashine ambayo haijajengwa ingeweza kukokotoa mfululizo wa namba unaojulikana kama namba za Bernoulli. Jedwali lile ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa programu ya kwanza ya kompyuta kuchapishwa.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya sifa hiyo. Wapo wanaokumbusha kwamba Babbage alikwisha kuandika mifano ya namna hiyo kabla yake, na kwamba wawili hao walishirikiana kwa karibu katika jedwali lenyewe. Hoja hiyo ina msingi, na hakuna haja ya kuificha ili kumkweza Ada.

Mchango wake mkubwa uko mahali pengine. Babbage na wenzake walikuwa wakiitazama mashine kama chombo cha kushughulikia namba. Ada ndiye aliyeona kwamba namba zinaweza kuwakilisha vitu vingine. Alieleza kwamba kama uhusiano wa sauti katika muziki ungewekwa katika kanuni, basi mashine ingeweza kutunga muziki wa kila namna.

Fikra hiyo ndiyo msingi wa kila tunachokifanya leo kwa kompyuta. Picha, sauti, ramani na maneno ya lugha hugeuzwa kuwa namba, kisha mashine ikazichakata. Akili mnemba inayotafsiri Kiswahili au kutunga wimbo inatembea katika njia iliyoonwa mwaka 1843 na mwanamke aliyekuwa akipenda muziki na kupiga kinubi.

Hapo ndipo ulipo ushahidi kwamba kuwapa nafasi watu wa aina mbalimbali si hisani. Babbage alikuwa gwiji, lakini jambo hilo lilionwa na mtu aliyekuja na mapenzi mengine na malezi mengine. Fani ikifungwa kwa watu wa aina moja, hupoteza pia maswali ambayo wengine wangeyauliza.

Ada aliandika jambo la pili ambalo nalo limedumu. Alionya kwamba mashine hiyo haibuni kitu chochote yenyewe, bali hutekeleza lile tu ambalo binadamu anajua namna ya kuiagiza. Hakutaka watu waivishe sifa isizokuwa nazo, wala waidharau.

Mwaka 1844 alikwenda mbali zaidi, akawa anafikiria kama ingewezekana kupata kanuni za kihisabati za kueleza namna ubongo na mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Kazi hiyo hakuifikisha popote. Lakini ni swali ambalo wataalamu wa mitandao ya neva walikuja kulishughulikia katika karne ya 20.

Madeni, maradhi na kifo

Isidhaniwe kwamba maisha yake yalikuwa ya mafanikio matupu. Aliomba kuisimamia kazi ya Babbage ili yeye ashughulike na fedha na watu, huku Babbage akibaki na ufundi. Babbage alikataa. Baada ya mwaka 1843 Ada hakuchapisha tena kazi ya hisabati yenye uzito kama ule.

Akiwa hana chuo cha kumwajiri, jumuiya ya kumpokea wala kazi ya kuifanya rasmi, aliangukia katika kamari ya mbio za farasi. Alipoteza maelfu ya pauni, na ikafikia hatua ya kuweka rehani vito vya familia ya mumewe kwa siri.

Saratani ya mji wa mimba ndiyo iliyomaliza maisha yake, Novemba 27, 1852, baada ya miezi mingi ya maumivu. Kwa matakwa yake mwenyewe alizikwa katika kanisa la Hucknall, Nottinghamshire, ubavuni mwa baba ambaye hakupata kumjua. Baba naye alikuwa amefariki akiwa na miaka 36.

Binti yake, Lady Anne Blunt, alikuja kuwa msafiri maarufu wa Bara Arabu, mjuzi wa Kiarabu na mfugaji wa farasi wa Kiarabu. Alifariki jijini Cairo mwaka 1917.

Ada mwenyewe alisahauliwa kwa karibu miaka 100. Maelezo yake yalichapishwa upya mwaka 1953, wakati kompyuta za kwanza za umeme zilipokuwa zimeanza kazi. Mwaka 1979 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliipa lugha yake mpya ya programu jina la Ada, na mwaka 1980 namba ya waraka wa viwango vya lugha hiyo ikawekewa 1815, mwaka aliozaliwa.

Mlango wa mmoja na mlango wa wengi

Tujiulize sasa: je, kuingia kwa Ada kulifungua mlango kwa wengine? Jibu ni hapana, walau si kwa muda mrefu sana. Mlango alioupita ulifunguliwa kwa fedha, nasaba na mwalimu mmoja mwanamke mwenye moyo. Ulifungwa tena baada yake.

Mfano ulikuwa karibu naye. Mwaka 1834 mama yake alianzisha shule huko Ealing kwa ajili ya watoto wa familia za kawaida. Walisoma, wakaandika, wakalima bustani na kujifunza kazi za mikono. Ilikuwa shule nzuri kwa wakati wake. Lakini mtoto wa tajiri ndiye aliyepewa De Morgan.

Hata kompyuta zilipokuja, hali haikubadilika upesi. Mashine ya ENIAC ilipoonyeshwa hadharani nchini Marekani, Februari 1946, wanawake sita walioiandalia programu hawakutambulishwa kwa wageni. Ilichukua miongo kadhaa majina yao kujulikana.

Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing, katika makala yake kuhusu kama mashine zinaweza kufikiri, alilijadili onyo la Ada na kulipa jina lake. Turing, ambaye naye aliadhibiwa na sheria za nchi yake mwaka 1952 kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja, alipendekeza kwamba mashine inaweza kufundishwa kama anavyofundishwa mtoto, badala ya kupewa kila agizo.

Ndivyo ilivyokuja kuwa. Akili mnemba ya leo hujifunza kutokana na mifano mingi inayopewa. Lakini onyo la Ada halijafutika, limebadilika sura tu. Zamani mashine ilifuata maagizo ya aliyeiagiza, leo inafuata pia mifano ya aliyeichagua mifano hiyo.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2018, pale watafiti wawili wanawake wenye asili ya Afrika, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipopima programu tatu za kibiashara zinazobainisha jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7.

Wao waliiona kasoro hiyo kwa sababu iliwagusa. Kama Ada na muziki wake, walileta swali ambalo waliokuwa ndani hawakuwa wamelipa uzito.

Afrika nayo haikukaa kusubiri. Mwaka 2017 ilianza mikutano ya kila mwaka ya Deep Learning Indaba, Johannesburg, ya kuwakutanisha Waafrika wanaosomea fani hiyo, na mwaka 2019 ilifanyika Nairobi. Mwaka 2019 pia ulianza mtandao wa watafiti wa Masakhane, wanaoshughulikia lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Jina lenyewe, kwa Kizulu, maana yake ni tujenge pamoja.

Juhudi hizo zinafanya kwa makusudi kile ambacho Mary Somerville alikifanya kwa msichana mmoja sebuleni kwake. Zinawatafuta wenye vipaji, zinawapa walimu na kuwakutanisha na wenzao, bila ya kuuliza baba yao ni nani.

Mwaka 1843 Ada alitia herufi tatu chini ya kazi yake, na ilichukua karne nzima kabla ya dunia kuanza kumpa heshima anayostahili. Binti wa Mbagala, Kisumu au Bukavu mwenye kipaji kama chake hana baba mshairi wala mama tajiri. Ana shule ya kata, simu ya kuazima na mwalimu mmoja mwenye wanafunzi wengi. Kama fani hii itampata au itampoteza, hilo litaamuliwa na watu walio hai leo.